Rangi Tatu za Koo Moja

Kwenye miteremko ya Poás na Barva nchini Costa Rica, dume la ndege mvumaji wa volkano huvaa koo jekundu la waridi. Vukia upande wa mashariki, kwa Irazú na Turrialba, koo hilo ni la zambarau iliyofifia. Shuka kusini kwenye safu ya Talamanca hadi Panama, na hapo rangi inayumba kati ya zambarau ya kijivu na kijani, hata katika mlima mmoja. Jike hana makeke hayo: koo lake ni jeupe lenye madoadoa, popote alipo.

Wote ni spishi moja, Selasphorus flammula, ndege mwenye urefu wa sentimita 7.5 na uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Haikuwa hivyo daima. Melbourne Carriker alipomtangaza yule wa koo jekundu mwaka 1910, alimwandika kuwa spishi kamili, Selasphorus simoni. Baadaye akashushwa cheo kuwa nususpishi.

Kushushwa huko kuna mantiki. Kosa ni kugeuza cheo kuwa kipimo cha ulinzi. Orodha Nyekundu ya IUCN humpima ndege huyu kama spishi nzima, na jibu lake linatuliza: hayumo hatarini. Lakini jibu la jumla humfaa zaidi mwenye mlima mrefu. Talamanca ina Chirripó, mita 3,820. Irazú inafika 3,432. Simoni, kwa upande wake, ana Barva ya mita 2,906 na Poás ya takriban 2,700 tu. Joto likiendelea kusukuma baridi na mimea yake juu, yeye ndiye atakayefika kileleni mapema. Kuvuka bonde lenye joto kutafuta mlima mwingine si jambo la kutegemea kwa ndege wa nyanda za baridi.

Volkano zenyewe si lazima ziwe adui. Poás ilipolipuka Aprili 2017, hifadhi ilifungwa kwa watalii zaidi ya mwaka, lakini ndege huyu hupenda vichaka vya wazi na maua mafupi, mimea inayoota pale msitu ulipofumuliwa.

Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa mlima. Ripoti za uhifadhi zimtaje simoni peke yake, na Costa Rica, yenye hifadhi za taifa za Poás na Braulio Carrillo, itazame pia mashamba ya ng'ombe wa maziwa yaliyo nje ya mipaka ya hifadhi hizo. Mkulima anayeacha kichaka cha maua kando ya malisho humwongezea ndege huyu makazi bila kuuza hata ng'ombe mmoja, na anastahili kulipwa kwa hilo.