Neno Tip-Tip

Yako maneno ambayo hayakutungwa na wenye elimu. Yalizaliwa na sikio. Pikipiki yaitwa hivyo kwa sababu ya mlio wake. Mwingereza akisikia mlango umefungwa kwa nguvu husema bang, na bunduki ikilia husema bang vilevile. Mfaransa husema pan. Bunduki ni moja, masikio ni mbalimbali.

Walimu wengine hawayapendi maneno haya. Mwanafunzi akiandika, "Embe likaanguka pu!", hulikata lile pu kwa wino mwekundu, wakisema ni lugha ya watoto wachanga. Mimi sikubali. Neno fupi kama hilo laweza kuwa shahidi. Mfano tunao hapahapa Kasongo.

Tangu mwaka 1875 hivi Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja. Alitafuta pembe za ndovu, na watu walikamatwa utumwani. Lakini nani leo amwita Hamed? Sote twasema Tippu Tip. Wengine hueleza kwamba aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa akipepesa macho. Yeye mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, alieleza vingine: watu aliowapiga vita walisema bunduki zake zalia tip, tip.

Mimi nashika maelezo haya ya pili. Habari ya macho yafaa kwa wageni waliokaa naye barazani wakimtazama usoni. Aliyekuwa akimkimbia angewezaje kuyaona macho yake?

Fikirini kidogo. Mwenye bunduki husikia kishindo kikubwa begani pake. Aliyejificha mbali, migombani, husikia milio midogo midogo ikifuatana: tip, tip, tip. Nadhani jina hilo latoka upande wa waliojificha. Majina yao wenyewe hatuyajui. Neno lao moja limebaki, naye Hamed alilichukua akalivaa kama pambo!

Hata kabla yake bunduki zilikuwa zimelia katika nchi hii. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwako sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wafanyabiashara wengine walipowapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua. Mamia walikufa, wengi wao majini. Livingstone aliandika, na Waingereza waliosoma walikasirika sana. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Lakini akina mama wa soko lile hawakuacha hata mstari mmoja. Bunduki za Leopold nazo zilifika Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, wala hazikulia kwa utamu zaidi.

Leo wajukuu wa waliobeba bunduki na wajukuu wa waliokimbia hukaa benchi moja darasani. Pengine mtoto mmoja ana damu zote mbili. Basi asiwepo wa kumcheka mwenzake.

Nanyi mnaokaa Kabambare, waulizeni wazee waliosikia vita vya mwaka 1964 bunduki zililia namna gani. Msiwaharakishe. Watawajibu kwa neno fupi, labda na mkono juu. Liandikeni daftarini kama walivyolisema, na mwalimu asilikate.