Malalamiko ya Wazee Si Utovu wa Shukrani

Wananchi wenzetu wa Kericho na Bomet, kuna neno moja lililowafunga wazee wetu vinywa kuliko pingu: neno "msaada". Mzee akiuliza kwa nini fedha za Inua Jamii hazijamfikia, huambiwa kwamba msaada haudaiwi. Huo ni uongo, na tuukatae hadharani. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kupata matunzo na usaidizi kutoka kwa jamaa zake na kutoka kwa Dola. Jambo lililoandikwa katika Katiba halina mfadhili, lina mdaiwa.

Tuchukue mfano wa mama aliyechuma majani chai kwa miaka thelathini. Siku alipostaafu alikabidhi nyumba ya kampuni, akarudi kwa mwanawe huko Konoin au Belgut na mgongo usionyooka. Shilingi 2,000 kwa mwezi zilitangazwa kuwa, kuanzia 2018, ni za kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni. Lakini majina yaliandikwa mwaka 2017, na waliofikisha umri huo baadaye waliachwa mlangoni kwa miaka. Hata walioandikwa hawakusalimika wote: benki zilipodai alama ya kidole, kuna vidole vilivyosuguliwa na kazi ambavyo havikusomeka. Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyoiletea nchi hii fedha za kigeni!

Naye alalamike wapi? Kwa chifu. Chifu humtuma kwa afisa wa ustawi wa jamii katika makao ya kaunti ndogo. Afisa humwambia kwamba orodha iko Nairobi. Ipo namba ya simu isiyotozwa, lakini mama asiye na simu, ajuaye Kipsigis tu, ataipigaje? Na ubaya ulio mkubwa zaidi ni kwamba lalamiko huishia mikononi mwa ofisi ile ile iliyoandika majina. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 kwa sababu Wakenya walikataa chama kimoja kiwe mchezaji na refa pia. Waliopanga foleni ya kura mwaka 1992 wakiwa na miaka arubaini sasa wamepita sabini. Je, hii ndiyo foleni waliyoipigania?

Ninyi mlio kanisani mnaijua sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu wao wakalalamika. Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliuita mkutano wote, wakaagiza wachaguliwe watu saba waaminifu. Na majina ya hao saba yote ni ya Kiyunani. Yaelekea waliolalamika ndio waliokabidhiwa mgao. Kwetu, anayelalamika huulizwa ametumwa na nani.

Twadai kila lalamiko lipewe karatasi yenye tarehe, na jibu lake liwe la maandishi. Kifungu cha 47 chasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi apewe sababu kwa maandishi. "Rudi wiki ijayo" si sababu. Kamati ya kusikiliza malalamiko ichaguliwe na wazee wenyewe, na chifu asiwe mwenyekiti wake. Ofisi ikinyamaza, iko Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kuipelekea shauri hakulipiwi, na asiyejua kuandika aweza kulieleza kwa mdomo.

Makanisa ya Litein, Kapkatet, Sotik na Mogogosiek yana makatibu hodari na vijana wenye simu. Jumapili hii, baada ya ibada, iwekwe meza nje ya mlango. Kila mzee aliyerudishwa aandikwe jina lake, tarehe aliyokwenda, ofisi iliyomrudisha na maneno aliyoambiwa. Barua zipelekwe na watu wawili au watatu, asiende mzee peke yake. Nakala moja ibaki kanisani, maana za ofisini zimezoea kupotea.