Walimu Wafunzwe Kufungua Vipakatalishi

Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa kwamba watoto wa darasa la kwanza wangepewa tarakilishi. Utekelezaji ulianza mwaka 2016, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikafikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Vilikuwemo vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu na projekta. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Chuo Kikuu cha Moi vilishirikishwa katika kuviunganisha. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, wala sikusudii kuibeza. Hata hivyo, kuna swali ambalo halikupewa uzito: kifaa kikiharibika shuleni, nani atakifungua?

Matokeo yake twayajua. Si ajabu leo kukuta stoo ya shule ikiwa na vipakatalishi vilivyopangwa kama majeneza. Kimoja kimekufa kwa sababu feni yake imesakamwa na vumbi. Kingine kinahitaji betri mpya tu. Mwalimu mkuu anaogopa kukigusa kwa kuwa ni mali ya umma, na fundi wa kuaminika yuko mbali. Basi mlango unafungwa kwa kufuli, na mtoto anasoma habari za tarakilishi ubaoni.

Maoni yangu ni kwamba dawa ya maradhi haya iko katika vyuo vya ualimu. Tuchukue mfano wa Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Rongo kuelekea Homa Bay. Pale pana chuo cha walimu, pana shule ya upili ya wasichana, na pana historia ndefu ya elimu iliyoanzishwa na wamishonari wa Kikatoliki. Mwalimu anayefuzu chuoni hapo huenda akapangiwa shule ambayo haina fundi yeyote karibu. Iwapo atakuwa amefunzwa kutumia kipakatalishi bila kufunzwa kukifungua, tutakuwa tumempa jembe bila kumwonyesha namna ya kutia mpini.

Sisemi kwamba kila mwalimu awe fundi. Nasema ajue mambo machache, tena ayajue sawasawa. Kwanza, ajue zana. Kipakatalishi hakifunguliwi kwa kisu cha jikoni wala kwa ncha ya mkasi. Kinahitaji bisibisi ndogo za ncha ya msalaba, na mara nyingine za ncha ya nyota, zinazoingia barabara katika kichwa cha skrubu. Bisibisi isiyolingana huila skrubu hadi isitoke tena. Kinahitaji pia kipande chembamba cha plastiki, kama kile ambacho mpiga gitaa hugusia nyuzi, cha kutenganishia mfuniko bila kuuchubua wala kuuvunja.

Pili, ajue utaratibu. Kifaa kizimwe kabisa, na chaja ichomolewe. Mkono uguse chuma kitupu kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke, kwa maana cheche tusiyoiona yaweza kuua kumbukumbu ya tarakilishi. Kila skrubu inayotolewa ibandikwe juu ya karatasi iliyochorwa umbo la kifaa, mahali pake penyewe. Skrubu hazilingani urefu, na ile ndefu ikitiwa katika tundu la fupi yaweza kutoboa bodi kuu. Mfuniko ukikataa kuachia, usilazimishwe. Huenda pana skrubu iliyojificha chini ya kikanyagio cha mpira au chini ya karatasi ya nembo. Ukishafunguka, jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Tatu, ajue mipaka. Betri iliyovimba isibonyezwe, isitobolewe wala isichajiwe. Betri hizi za lithiamu zikitobolewa huweza kulipuka moto na kutoa moshi wenye sumu. Chaja nayo isifunguliwe, kwa sababu sehemu za ndani yake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Wapo watakaosema kwamba kufungua kifaa huvunja dhamana ya kiwanda, na kwamba wanagenzi wataharibu vingi kuliko watakavyotengeneza. Hoja hii ina uzito wake, na ndiyo maana kifaa chenye dhamana kiachwe mikononi mwa aliyekiuza. Lakini vifaa vilivyoletwa mwaka 2016 vina umri mkubwa sasa. Ni dhamana gani inayolindwa katika kifaa kilichokwisha kufa? Mwalimu wa biolojia humpasua panya aliyekufa ili wanafunzi waone moyo na mapafu. Kipakatalishi kilichokufa nacho ni kitabu cha kiada kisichogharimu hata senti.

Isitoshe, dunia inaelekea huko. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kuwataka wauzaji wa vipakatalishi waonyeshe alama, hadi kumi, inayomweleza mnunuzi jinsi kifaa kinavyotengenezeka kwa urahisi. Mnunuzi wa huko huuliza kama kitafunguka kabla ya kutoa fedha zake. Sisi ambao fedha zetu ni haba tungepaswa kuuliza hivyo mara mbili.

Kwa hiyo nazishauri wizara na bodi za vyuo zifanye mambo mawili. Kila chuo cha ualimu kitenge meza moja, seti chache za bisibisi na vifaa vilivyokufa vya kujifunzia. Kisha kila mwalimu mkuu apewe mwongozo wa maandishi unaoeleza nani anaruhusiwa kufungua kifaa cha shule, na lini, ili hofu ya kulipishwa isiwe kisingizio cha kuvificha. Seti ya bisibisi ni rahisi mno kuliko kipakatalishi kimoja. Kumnyima mwalimu zana hiyo ndogo, kisha tukalalamika kwamba mamilioni yameozea stoo, ni kujidanganya wenyewe.