Bei ya Trekta Isiwe Fumbo

Mkulima wa Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru, huulizia trekta jipya akatajiwa bei moja. Siku ya kulipa huweza kukuta nyingine, yenye ada za nyaraka, maandalizi na usafirishaji. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 ilisamehe matrekta ya kilimo ili mkulima apumue. Kwa nini nafuu hiyo imezwe dukani? “Maandalizi” ni nini? Kama ni kujaza oili na kukagua breki, iandikwe hivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Basi kila ada ichanganuliwe kabla ya malipo ya awali. Asiyeweza kuieleza ada hana haki ya kuitoza.