Buyofwe ilihitaji mkuu wa namna gani?

NJIA PANDA
Na Mwape Kasongo

Treni ya mizigo iliyoanguka Buyofwe, jimboni Lualaba, usiku wa Alhamisi, 10 Machi 2022, ilikuwa inatoka Luena kuja hapa Tenke. Ilivuta mabehewa 15, na shirika la reli, SNCC, likasema 12 kati yake yalikuwa matupu. Matupu! Hesabu ya kwanza ilitaja maiti 60, kisha ikapanda hadi 75, na majeruhi 125. Marehemu hao walikuwa wamedandia. Treni ya abiria huku ni ya kubahatisha, na barabara mnaijua wenyewe.

Kwenye mafunzo ya viongozi huulizwa sana: yakitokea maafa, mkuu aamrishe au ashauriane? Anayetaka kuitisha kamati saa saba usiku, watu wamebanwa na vyuma korongoni, bora akalale. Saa hizo anatakiwa mtu mmoja wa kusema winchi itoke wapi, nani atangulie kutolewa, gari lipi libebe majeruhi. Neno lake liwe la mwisho, hata kama waziri amesimama kando yake.

Lakini mkuu huyohuyo hana orodha ya abiria, maana aliyedandia haandikwi popote. Anayejua behewa lipi lilijaa watoto ni mama aliyenusurika, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake la makaa. Asipoulizwa, winchi itainua behewa lisilo na mtu. Vyuma viamriwe, watu waulizwe, tena dakika ileile.

Kolwezi tuliliona hilo mgodi wa KOV ulipoporomoka 27 Juni 2019. Kampuni ya Glencore ilianza kwa kutaja wafu 19. Gavana wa wakati huo, Richard Muyej, akataja 36. Waliojua nani aliteremka siku ile ni wachimbaji wadogo wenzao. Hao ndio waliopelekewa wanajeshi wa kuwaondoa.

Kushauriana kwa muda mrefu kuna wakati wake, nao ni kabla ya ajali. Novemba 2017, hapohapo Buyofwe, treni iliyobeba mafuta ilitumbukia korongoni na kuua watu zaidi ya 30. Kutoka hapo hadi 2022 ni zaidi ya miaka minne: muda wa kutosha kuketi na wakuu wa stesheni, machifu, na hao wadandiaji wenyewe, ambao wanaijua kila kona ya reli hiyo. Wakubwa wetu wameyageuza mambo: siku za utulivu wanatoa makatazo, usiku wa ajali wanaitisha mikutano.

Serikali ya jimbo na SNCC wakubaliane sasa, kabla ya mvua, nani atakayeongoza uokoaji kwenye reli hii. Jina lake na namba yake ya simu vibandikwe stesheni za Tenke, Lubudi na Luena, mahali ambapo hata mdandiaji ataviona.