WAZEE WAULIZWE KABLA, SIYO BAADA YA UGOMVI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mkutano Mkuu wa Kijiji unakaribia. Kati ya mambo yatakayoletwa mbele yetu ni majina ya wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Tumesikia maneno njiani na vilabuni: ati baraza ni mahali pa kupumzishia wazee, ati ugomvi wa mashamba siku hizi ni kazi ya mawakili wa Morogoro mjini. Sisi hatukubali, na tunaeleza sababu.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Mwaka 1950 serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: udongo wa milima usichukuliwe na maji kwenda mto Ruvu. Lakini njia yake ilikuwa amri. Watu wachimbe matuta ya ngazi, asiyechimba ashtakiwe. Wakulima walisema: udongo wetu mzuri uko juu tu, ukichimba ngazi unafukia rutuba na kufukua udongo usiozaa. Wakasema tena: shamba hili nimeazima kwa ukoo mwingine, nikilichimba matuta, kesho patakuwa na maneno ni la nani. Hayo yalikuwa mashauri ya watu wanaoijua ardhi yao, na hayakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 palizuka ghasia Matombo, polisi wakaletwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Miaka mitano ya jasho na faini, mwisho wake msiba! Kwani kuwauliza watu mapema kungegharimu nini?

Tusidhani hayo ni ya mkoloni peke yake. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mkoa huuhuu wetu, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Viongozi walikwenda, mikutano ikafanyika. Lakini suluhu inayokuja baada ya makaburi inafuta machozi tu, haifufui mtu.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao watatu wawe wanawake. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza majina, Mkutano Mkuu unathibitisha. Yaani sisi. Kazi ya baraza hilo siyo kufunga mtu wala kutoza faini. Kazi yake ni kusikiliza pande mbili na kuzipatanisha. Tangu mwaka 2021 hata Baraza la Kata limeachiwa kazi ya usuluhishi tu katika mambo ya ardhi; likishindwa katika siku 30, ndipo mtu aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maana yake ni nini? Serikali yenyewe inasema: jaribuni kwanza kupatana nyumbani. Lakini nani atawapatanisha watu ikiwa anayekaa barazani hajui hata mpaka wa kijito?

Na ugomvi wetu wa milimani una mambo yake. Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Baba anawalimia wanawe katika ardhi ya ukoo wake. Siku akifa, wapwa zake wanakuja: "Shamba ni la kwetu." Watoto nao wanajibu: "Karafuu hizi tulipanda na baba kwa mikono yetu." Wote wana neno la haki. Hakimu wa mjini atauliza karatasi, na karatasi hakuna. Mzee anajua nani aliazimwa, mbele ya nani, na kama ruhusa ilikuwa ya kulima mahindi tu au pia ya kupanda miti ya kudumu. Anajua watani wa ukoo ule ni nani, na mtani anaweza kumwambia mtu ukweli wa aibu mbele za watu, mtu akacheka badala ya kushika panga. Hiyo ndiyo elimu tunayoitaka barazani.

Wako vijana wanaosema wazee wanapendelea koo zao, na wengine hulainishwa na kibuyu cha pombe. Tusifiche, hayo yapo. Wako pia akina mama wanaosema mila hutumiwa kuwanyima. Hapo sheria ni wazi: kifungu cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi ni batili. Mila njema haiogopi sheria hiyo. Na tena, katika nchi ya ukoo wa mama, baraza bila bibi zetu litasikia nusu ya habari. Kwa hiyo dawa ya mzee mwenye upendeleo siyo kuwafukuza wazee wote, bali kuweka utaratibu.

Tunapendekeza hivi:

1. Wajumbe wachaguliwe kwa kujua ardhi na kwa uaminifu, siyo kwa ujamaa na Mwenyekiti. Wanawake watatu wawe watu wa kusema, siyo wa kujaza viti.

2. Mjumbe ambaye ukoo wake una kesi atoke, akae na wasikilizaji.

3. Kijana mmoja anayejua kuandika awe karani. Mapatano yaandikwe siku ileile, yasomwe kwa sauti, pande zote zitie sahihi au dole gumba.

4. Baraza likutane shambani penye mpaka wenyewe, siyo ofisini tu.

5. Mkutano Mkuu umwombe Diwani wetu apeleke Halmashauri ya Wilaya ombi moja: kabla ya kuweka bikoni, kukata barabara, kuleta mradi au kugawa malisho, wazee wa kijiji, wanawake na wanaume, wenyeji na wahamiaji, waitwe na maneno yao yaandikwe. Msitu wetu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, nao tunautaka, maana maji ni yetu kwanza kabla ya kufika Dar es Salaam. Lakini mpaka aliouonyeshwa mtu kwa heshima ataulinda mwenyewe. Mpaka aliouamka akaukuta, ataung'oa usiku.

Mtasema, ushirika na mabaraza wapi na wapi? Hebu tazameni. Shamba lenye kesi halipaliliwi. Ndizi zake haziletwi ghalani. Mwanachama anauza mbuzi apate nauli ya mjini, kesi inaahirishwa, anarudi mikono mitupu. Ushirika wa watu wasiosalimiana ni mizani tu na daftari.

Basi siku ya mkutano tusibaki nyumbani halafu tulalamike. Wazee, msione haya kutajwa. Vijana, msinyooshe mkono kwa kumfuata rafiki.

Mwenye maoni mengine aandike, abandike hapa chini. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake, hata kama ni yule wanayegombana naye.