Deki Si Pambo

Kuna mkahawa mmoja upande wa Nyali umeweka deki ya video juu ya rafu, kando ya simu ya kuzungusha na redio ya mbao. Waya wake umekatwa. Vijana wa rika langu hupiga picha mbele yake, wakaandika "enzi hizo", wakalipa kahawa ya shilingi mia tatu na hamsini, wakaenda zao. Nilimwuliza mhudumu kama inauzwa. Akacheka. "Hiyo ni pambo tu, kaka."

Nina ugomvi na neno hilo. Kutoka mkahawa huo hadi kwetu Mwandoni, Kisauni, ni mwendo mfupi wa matatu, na chini ya kitanda cha mamangu kuna sanduku la bati lenye kanda kumi na moja za VHS. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Kupamba, 1994." Ni harusi ya khalati yangu. Anayeongoza vugo humo ndani ni bibi, mzaa mama, aliyefariki 2009. Picha zake tunazo mbili tatu. Sauti yake haipo popote duniani ila kwenye utepe ule wa nusu inchi. Sasa niambie, mashine ya kuitoa sauti hiyo ni pambo?

"Si upeleke mjini wakutilie kwenye flashi?" Kila niliyemweleza amenijibu hivo, kama kwamba nimekosa akili. Kwa asiyejua mambo yetu: kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao. Bibi harusi hukalishwa akatazamwa, wageni huvua mabuibui, wakacheza nywele wazi, wakajipamba walivyotaka. Mpaka leo kuna harusi hapa Mombasa ambazo ukifika mlangoni unaambiwa simu uiache. Sharti la kanda lilikuwa hilohilo: itazamwe na wanawake, ndani ya nyumba, kisha irudi sandukuni.

Halafu elewa kazi yenyewe inavyokwenda. Kanda haihamishwi kama faili. Lazima ichezwe, na kanda ya dakika 180 ikijaa itachezwa dakika 180. Kwa saa tatu hizo kijana wa dukani, nisiyemjua, atakaa mbele ya skrini akiwatazama mamangu, khalati zangu na nusu ya wanawake wa mtaa, waliocheza usiku ule wakiamini hakuna mwanamume anayewaona. Wengine ni wazee sasa. Wengine wameshazikwa, hawawezi kuulizwa kama wanaridhia. Na nakala moja itabaki kwenye kompyuta ya duka, kwa nia mbaya au kwa kusahau tu. Hapana. Deki iwe yetu, ndani ya nyumba yetu.

Kuipata ndiyo kulinipa adabu. Ya kwanza nilinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ni safi, imetoka kwa jamaa yake Marekani. Elfu tatu na mia tano, pesa ya makala mawili niliyoandika. Nikaichomeka ukutani. Ikatoa moshi. Nilikuwa sijasoma maandishi madogo ya nyuma: volti 120, na umeme wetu ni 240. Hata ningetafuta kigeuzi cha umeme bado nisingefika mbali, maana ilikuwa ya mfumo wa NTSC, wa Marekani na Japani, na kanda zetu za Kenya ni za PAL. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na siku ile ndugu zangu walipata la kusema.

Ya pili niliipata Likoni. Nilivuka feri nikazunguka kwa wauza mitumba ya vyombo vya Uingereza mpaka nikaiona chini ya rundo la spika. Uingereza ni PAL, ni volti 240. Elfu tano na mia tano. Nikaipakata kwenye feri kama mtoto mchanga, nikaenda nayo moja kwa moja Magongo, Changamwe, kwa fundi mmoja mzee ambaye bado ana droo ya mikanda ya mpira.

"Umeiwasha?" akaniuliza.

"Bado, Mzee."

"Alhamdulillahi. Ungeitia kanda ingeitafuna."

Akafungua kifuniko akanionyesha. Ngoma ya vichwa, ile silinda inayong'aa, kwenye PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na utepe hupita juu yake kwa kuiparaza. Uchafu mdogo tu, picha inakufa. Mipira hukauka ikateleza. Alibadilisha mkanda mmoja, akasafisha vichwa kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, si pamba, maana nyuzi za pamba hunasa. Kisha akazishika kanda nilizobeba, akazitazama moja moja kupitia kidirisha chake dhidi ya mwanga. Mbili akaziweka kando. Zilikuwa na vumbi jeupe pembeni mwa utepe. Ukungu. "Hizi usizitie mpaka zisafishwe. Zitaambukiza mashine, na mashine itaambukiza nyingine." Ya kupamba sikuwa nimempelekea, ila nilishajua la kutazama.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanza hasa. Utepe wa video ni chembe za oksidi ya chuma zilizoshikiliwa kwa gundi juu ya plastiki, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Sisi tunaishi baina ya vivuko na bahari. Kanda zetu zinaoza wakati huu unaposoma. Na mashine hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuziunda, ilisimamisha kazi Julai 2016, ingawa mwaka uliotangulia ilikuwa bado imeuza kama 750,000. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na video, walionya kwamba kufikia takriban 2025 mashine nzima za kuchezea zitakuwa adimu mno. Huo mwaka umeshafika. Fundi wa Magongo hana mwanafunzi hata mmoja.

Sasa nazungumza na makundi matatu.

Nyinyi mnaosema tupa: mnatupa nini? Wengi wenu hamjui hata kilichomo. Nimeona kanda zimefungiwa miti ya kunde, utepe unang'aa juani kufukuza ndege. Huenda ni filamu ya kivita iliyorekodiwa kutoka runingani. Huenda ni babu yako akicheka. Huwezi kujua kwa kutazama jalada.

Nyinyi wa pambo: kila deki nzima inayokatwa waya ili ipendeze rafuni ni kanda za nyumba moja ambazo hazitaonekana tena. Mnaipenda zamani, lakini iliyonyamaza. Ikisema, itawasumbua, kwa sababu itasema kwa sauti ya mtu fulani, wa mtaa fulani, mwenye masharti yake.

Na nyinyi wa miradi, ndugu zangu hasa, mliosoma na mnaozungumza vizuri kuhusu hifadhi. Nimekaa kwenye vikao vyenu. Jibu lenu kwa kila kitu ni kukipakia mtandaoni "ili dunia ione". Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, na yeyote mwenye kiingilio anaingia. Sawa, ile ni ngome. Bibi yangu si ngome. Kuna kumbukumbu ambayo thamani yake imo ndani ya kutoonyeshwa kwa kila mtu, na anayevunja sharti hilo amevunja sehemu ya kile alichodai kukihifadhi.

Sipingi nakala. Binti ya khalati yangu ana laptopu na kifaa kidogo cha kunasia video, na kazi hiyo ameifanya yeye, mlango umefungwa. Diski iko kwenye sanduku lilelile la bati. Lakini si kila nyumba ina mtu kama yeye, wala elfu tano za kubahatisha. Ndiyo maana nasema: maktaba na kumbi za jamii za Likoni, Kisauni na Changamwe ziwe na deki moja moja nzima, katika chumba chenye kufuli, na siku za wanawake zisimamiwe na fundi mwanamke. Wasichana wa vyuo vya ufundi wafundishwe kubadilisha mkanda wa mpira wakati wazee wa kuwafundisha bado wapo. Haya hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Yanahitaji tu tuache kuona mambo ya harusi kuwa ni mambo ya wanawake, kwa hiyo si historia.

Usiku ule niliunganisha nyaya, ya njano na nyekundu na nyeupe, nikajaribu kwa kanda ya mpira iliyoandikwa "Gor". Picha ikaja, ikayumba, ikatulia. Mamangu akasema, "Haya baba, ahsante. Sasa toka."

Nikatoka nikakaa barazani. Nikasikia pembe zikigongwa, vigelegele, halafu sauti moja juu ya zote, nzito kidogo kuliko nilivyoikumbuka. Ndani hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Sikuona kitu na sitaona. Elfu tisa zangu, pamoja na ile ya moshi, sizijutii hata shilingi.

Leo usiku angalia chini ya kitanda cha mamako. Kabla ya kununua chochote, soma maandishi ya nyuma: PAL, volti 240. Ukiona vumbi jeupe kwenye utepe, usiitie. Na kabla ya kubonyeza kitufe, uliza kwanza nani anaruhusiwa kubaki chumbani.